Imekwamishwa na Nini? Kufungua Vyuma Vilivyoganda Kwenye Feni za Kale

Watu walionunua feni ya umeme ya kale, ile yenye mapanga ya shaba na kitako kizito cha chuma, huniuliza swali moja: nimwagie dawa gani ilegee? Nami huwauliza: imekwamishwa na nini? Wengi hukereka. Walitaka jina la kopo, wamepewa mtihani. Lakini sijui nitawasaidiaje vinginevyo, maana kwenye feni moja unaweza kukuta mikwamo ya aina nne, na inayotibu mmoja huharibu mwingine. Skrubu iliyoshika kutu inataka mafuta, mtetemo na muda. Beringi iliyogandishwa na oili kuukuu inataka kiyeyushi. Kitovu, pale mapanga yaliposhikwa, kikizuiwa na kinundu cha chuma juu ya shafti (fimbo inayozungushwa na mota) kinataka usukumwe upande ambao hukuufikiria. Na gia ya zinki iliyovimba haitaki chochote, imeshakwenda.

Kabla ya yote hayo, usiichomeke kwenye umeme eti usikie kama inanguruma. Mota iliyokwama ikipewa umeme huvuta mkondo mkubwa kuliko inapozunguka, haipati upepo wa kuipoza, na koili zake zimefungwa kwa pamba na vanishi iliyokauka miaka mingi. Waya wa nje nao, ule wa mpira uliopasukapasuka chini ya kitambaa, ni hatari tosha hata mota ingekuwa nzima. Mimi hukata waya huo mapema na kuutupa, nikaacha kipande kifupi cha kunionyesha ulikounganishwa. Mambo ya umeme yatasubiri hadi vyuma vitembee.

Feni ya mezani ya umeme ilianza Marekani mwaka 1882, Schuyler Skaats Wheeler alipofunga mapanga mawili kwenye mota ndogo. Miaka ya 1890 kampuni kama Westinghouse, General Electric na Emerson ya St. Louis zilikuwa tayari sokoni. Feni za enzi hizo zilijengwa kwa chuma cha kusubu kwenye kitako na gamba la mota, shaba ya njano kwenye mapanga na mara nyingi kwenye wavu, feleji, yaani chuma kigumu kinachoshika kutu, kwenye shafti na skrubu, na bronzi kwenye bushi, vile vijibomba ambamo shafti huzungukia. Baadaye zikaja bati la chuma, alumini na aloi za zinki. Ukitaka kujua feni yako itakutesa wapi, tazama pale metali mbili tofauti zinapogusana. Shaba na chuma vikikutana penye unyevu, chuma ndicho kinacholiwa. Tena kutu ina tabia ya kujitanua: huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Kwa hiyo uwazi mdogo kati ya meno ya skrubu na meno ya tundu hujaa kabisa, ukabanwa kwa nguvu ambayo mkono wa mtu hauifikii.

Tuanze na skrubu, kwa sababu ndizo nyingi na ndizo zinazoharibiwa zaidi. Skrubu za feni za kale zina mfereji mmoja kichwani. Bisibisi nyingi za kawaida zina ncha ya umbo la kabari, nyembamba mbele na nene nyuma. Ukiizungusha kwa nguvu, kabari hiyo hujisukuma nje ya mfereji na kula kingo zake. Ikishateleza mara mbili tatu, kichwa kimekwisha. Tafuta bisibisi ambayo ncha yake ina pande zilizo sambamba, kama zile za mafundi wa bunduki, au chukua bisibisi ya zamani uichonge kwa tupa hadi ijaze mfereji kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Kisha usafishe mfereji wenyewe kwa ncha ya sindano. Rangi ya kiwandani ilimiminika humo, wenye feni wakapaka nyingine juu yake, na bisibisi iliyokaa juu ya rangi haijakaa kwenye chuma. (Rangi hizo za zamani mara nyingi zina madini ya risasi. Usizipige msasa mkavu ukavuta vumbi.)

Halafu kuna jambo ambalo wengi huliona la kipuuzi: anza kwa kukaza. Kidogo tu, kiasi cha kuhisi. Kutu iliyoshikana hupasuka chuma kikisogea upande wowote. Baada ya hapo legeza, kaza, legeza, na tone la mafuta katikati. Ikigoma, weka bisibisi kwenye mfereji na ugonge mpini wake kwa nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi. Kutu ni kitu kikavu kisichopindika. Mtetemo huivunja ilhali kuipinda kwa nguvu huvunja skrubu. Kila ninapomwona mtu ameng'ang'ania bisibisi kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imemtoka, najua kinachofuata.

Kuhusu mafuta, kuna makopo mengi na kila fundi ana dini yake. Mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu mafuta ya giaboksi otomatiki unafanya kazi vizuri, ila lazima uutikise kila mara kwa sababu viwili hivyo havikai pamoja. Asetoni huondoa rangi na hushika moto upesi sana, kwa hiyo palipo na asetoni hapana moto, basi. WD-40 ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji na kuzuia kutu, na jina lake linasema hivyohivyo: dawa ya kuondoa maji, jaribio la 40. Kwa kufukuza maji ni nzuri. Kwa kupenya kwenye skrubu iliyoshika miaka mingi, ipo dawa bora kuliko hiyo, na kuiweka kwenye bushi za mota kama oili ni kosa: hukauka, bushi ikabaki inasagika.

Ninachokipenda zaidi ya makopo yote ni mshumaa. Pasha kichwa cha skrubu kwa chuma cha kulehemu kilichopata moto vizuri, kisha gusisha nta pembeni. Nta ya kawaida huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi. Hapohapo inakuwa majimaji na kuvutwa ndani ya uwazi ambao jicho halioni. Hainuki, haili rangi, haitiririki hadi kwenye koili. Tena moto wa chuma cha kulehemu unaingia kwenye skrubu yenyewe, si kwenye gamba zima.

Hapo kwenye moto ndipo watu wanaposema mambo kwa jumla mno. "Pasha, italegea." Inategemea kipi kiko ndani ya kipi. Shaba ya njano hupanuka takriban sehemu 19 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, chuma kama 12, alumini kama 23. Skrubu ya chuma ndani ya kitovu cha shaba: pasha kitovu, tundu litatanuka kuishinda skrubu. Lakini skrubu ya shaba ndani ya chuma cha kusubu ukiipasha inajibana zaidi. Hapo faida unaipata inapopoa, kwa kuwa imekandamiza kutu ikaipondaponda na sasa inasinyaa kurudi. Kwa hiyo unapasha, unasubiri ipoe kabisa, ndipo unagusa bisibisi.

Wala usidhani tofauti hizo ni kubwa. Chukua shafti ya milimita 8 yenye kitovu cha shaba, uviongeze vyote viwili joto la nyuzi 100. Nafasi utakayoipata haifiki sehemu moja ya mia ya milimita. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo mara kadhaa. Inatosha kuachanisha kutu, haitoshi kukifanya kitovu kidondoke chenyewe. Anayeendelea kuchoma akingoja kidondoke atafika kwenye koili. Pamba na hariri ambazo hazikuloweshwa vanishi zimewekewa kikomo cha nyuzi 90 katika madaraja ya vihami vya umeme, na zilizoloweshwa nyuzi 105. Lehemu ya bati na risasi nayo inaanza kulegea kwenye nyuzi 183. Kipimo changu ni tone la maji juu ya kitovu: likichemka na kupotea, moto umetosha.

Sasa kitovu cha mapanga, ambacho ndicho kiini cha kazi hii. Bila kukitoa huwezi kufungua gamba la mbele la mota, na bila kulifungua gamba hilo hakuna kingine unachoweza kufanya.

Emerson iliyo mezani kwangu sasa ina mapanga sita ya shaba, yamepigwa ripiti kwenye kitovu, na kitovu kimebanwa kwenye shafti kwa skrubu moja ya pembeni. Skrubu ilitoka bila ugomvi. Kitovu kikabaki palepale, kinazunguka na shafti pamoja na hakisogei mbele hata chembe. Kwa anayeanza, hapa ndipo mikono inapokwenda kwenye mapanga na kuanza kuyavuta. Usifanye hivyo hata kidogo. Panga la shaba la unene ule hupinda kwa nguvu ndogo tu, na likipinda hata kidogo feni nzima itatikisika siku zote, maana kuyarudisha mapanga sita kwenye pembe moja ni kazi ya peke yake.

Kwanza nilimulika tochi kwenye tundu la skrubu. Wakati mwingine chini ya skrubu ya kwanza kuna ya pili iliyofichwa, imekazwa juu ya mwenzake ili zisilegee, na mtu anaweza kuvuta mpaka kesho. Hapa hapakuwa na ya pili. Palikuwa na alama ya mviringo iliyochimbwa kwenye shafti, na ukingo wake umeinuka. Hiki ndicho kile kinundu. Ncha ya skrubu, kila ilipokazwa na wamiliki mmoja baada ya mwingine, iliuchimba mwili wa shafti, na chuma kilichosukumwa kikajikusanya pembeni. Tundu la kitovu lina ukubwa wa shafti kamili, halina nafasi ya kupitisha kinundu. Unapovuta kitovu mbele, kinundu kinaingia ndani ya shaba na kujichimbia njia. Ndiyo maana kinasogea kidogo kisha kinakwama vibaya kuliko mwanzo.

Dawa yake ni kukisukuma kitovu nyuma, kuelekea mota. Kwenye feni nyingi kuna nafasi kati ya kitovu na gamba, milimita chache, nazo zinatosha. Pasha kitovu kidogo, weka kipande cha bomba la shaba linalopita juu ya shafti na kuegemea kitovu pekee, gonga taratibu huku umeishika mota kwa nyuma. Kikirudi nyuma, sehemu ya shafti iliyokuwa imefichwa inatokea mbele: utaona utepe wa kutu ya kahawia, na mara nyingine kinundu chenyewe kimejitokeza hadharani. Sasa una kila kitu mbele ya macho. Tupa ndogo laini inakata kinundu, msasa wa kitambaa unasafisha kutu hadi chuma king'ae, tone la oili, kisha kitovu kinavutwa mbele juu ya njia iliyosafishwa. Kile cha Emerson kilitoka kwa vidole baada ya hapo, huku shaba ikiacha mistari myembamba ya njano juu ya shafti.

Ikiwa nafasi ya kurudi nyuma haipo, tumia pula, kifaa cha kukivuta kitovu kwa bolti. Si ile ya kucha kubwa za gari. Tengeneza bamba la chuma lenye mfereji wa kupita shafti, liingie nyuma ya kitovu na kukibeba pande zote, na bolti mbili za kulivuta kuelekea kipande cha mbele chenye bolti ya katikati inayosukuma kichwa cha shafti. Weka kijisahani cha shaba kati ya bolti ya katikati na shafti. Kaza hadi uhisi imebana, pasha kitovu, kisha gonga kichwa cha bolti ya pula mara moja. Ikigoma, acha ikiwa imebanwa hivyo hivyo, uende zako ukafanye mengine. Mara nyingi utasikia "tak" ukiwa chumba cha pili.

Kugonga shafti moja kwa moja kwa nyundo ili itoke kwenye kitovu ni msiba wa kujitakia. Ncha ya shafti hutanuka, na kitovu ambacho kilikuwa kinabanwa na kutu sasa kinabanwa na chuma kizima. Nguvu ya nyundo inasafiri hadi nyuma, inaangukia gamba la chuma cha kusubu, ambalo halipindi bali hupasuka. Shafti ikipinda, rota itakwaruza, kwa kuwa uwazi kati ya rota (sehemu inayozunguka) na stata (sehemu iliyotulia inayoizunguka) kwenye mota ndogo hivi mara nyingi ni chini ya nusu milimita.

Beringi ndizo rahisi kuliko sifa zake. Feni inayogoma kabisa kuzunguka mara nyingi haina kutu humo ndani. Ina oili iliyogeuka vanishi. Mafuta ya taa yakidondoshwa kwenye tundu la oili, ukishika shafti na kuizungusha nusu mzunguko mbele na nyuma, huilegeza kidogo kidogo, na yatatoka meusi. Usitumie spiriti karibu na koili, maana huyeyusha sheleki, ile vanishi ya kale iliyoshikilia kihami cha waya. Kanuni moja ninaishikilia hapa bila huruma: kutu isipitishwe ndani ya bushi. Kabla ya kuchomoa rota, safisha kila sehemu ya shafti inayoonekana, kwa sababu chembe za kutu ni ngumu kuliko bronzi na zitaichana ukuta mzima zikipita. Utambi wa felti, ule unaopeleka oili kwenye shafti, ukishakuwa mgumu, utupe uweke mpya.

Na sasa kile kinachozungusha kichwa huku na huku. Ukikuta feni haigeuki, usikamate kichwa ukakilazimisha. Ndani kuna gia ya skrubu inayoendesha gurudumu la meno, na mfumo huo umeundwa uendeshwe kutoka upande mmoja tu. Ukisukuma kichwa unayapa meno machache mzigo wote. Kwa kawaida ni grisi tu, imekauka na kuwa nta ngumu ya rangi ya kahawia. Hewa ya moto ya kukaushia nywele inatosha kuilainisha, ukaikwangua kwa kijiti cha mbao.

Lakini kama boksi la gia limetengenezwa kwa aloi ya zinki ya zamani, tazama vizuri kabla ya kugusa. Zinki iliyochanganyika na risasi kidogo, hata chembe tu, huliwa kutoka ndani, kwenye mipaka ya punje zake, unyevu ukisaidia. Inavimba, inapinda, uso wake unapasuka kama tope lililokauka. Tatizo hilo lilitulizwa kampuni ya New Jersey Zinc ilipotoa aloi za Zamak mwaka 1929, zinazotumia zinki safi ya asilimia 99.99; vipande vya kabla ya hapo ni bahati nasibu. Ekseli ya chuma iliyobanwa na zinki iliyovimba haifunguki kwa mafuta yoyote, kwa kuwa hakuna kutu ya kupenya: tundu lenyewe limekuwa dogo. Ukipasha, kinapasuka. Ukigonga, kinamomonyoka mkononi. Ninachofanya ni kupiga picha, kupima kila upande kwa kalipa kikiwa bado kizima, halafu kukikata vipande ili kuokoa ekseli na gia, nikijua kwamba nitachonga boksi jipya au nitafunga kichwa kisigeuke. Feni inayopuliza upande mmoja bado ni feni.

Skrubu zikikatika, na zitakatika, usikimbilie kile kitoa-skrubu cha umbo la kabari. Ni kigumu sana na kinavunjika, na kikivunjikia ndani hakuna keekee ya kawaida itakayokitoboa. Kama kipande kilichobaki ni cha chuma na tundu ni la shaba, ipo njia ya mafundi saa: shabu. Toa kitovu kwenye shafti, ondoa kila kitu cha chuma unachotaka kukihifadhi, chemsha maji kwenye chombo cha kioo, weka shabu hadi isiyeyuke tena, zamisha kitovu humo na ukiweke kwenye moto mdogo. Vipovu vitaanza kupanda kutoka kwenye skrubu iliyokatika. Baada ya saa kadhaa chuma kimegeuka uji mweusi unaotolewa kwa sindano, na meno ya shaba yamebaki yalivyokuwa. Kwa tundu la chuma njia hiyo haifai. Huko ni keekee inayozunguka kinyume, katikati kabisa, na subira.

Wakati wa kurudisha, kuna mkwamo wa tano ambao haukuumbwa na kutu wala oili. Ni wa mafundi waliotutangulia. Feni za Marekani hutumia skrubu za inchi, na ile ya 10-32 ni ya kawaida mno: upana milimita 4.83, hatua ya meno (umbali wa jino hadi jino) milimita 0.794. Skrubu ya M5 ya leo ina milimita 5.0 na hatua 0.8. Feni za Uingereza zina 2BA, milimita 4.7 na hatua 0.81. Kwa macho ni skrubu moja. Kwa mkono pia, kwa mizunguko miwili mitatu ya kwanza. Kisha M5 ndani ya tundu la 10-32 inaanza kubana, aliyeishika anadhani ni uchafu, anaongeza nguvu, na meno ya chuma cha kusubu yanasagika. Kwa hiyo ukikuta skrubu moja iliyokwama huku kichwa chake kikiwa king'avu na wenzake wamefubaa, pima upana wake kabla hujaipaka dawa yoyote. Ikiwa ni mgeni, itoe robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukirudi nyuma kila inapobana, na usafishe tundu kwa tepu, kile kifaa cha kukatia meno ndani ya tundu, ya kipimo cha asili. Zile za asili mimi huzisafisha kwa brashi ya shaba, huzipaka grisi ya grafiti kidogo kwenye meno, na kila moja hurudi kwenye tundu lake.